Reginald Fessenden: Jamaa aliyepandisha sauti ya binadamu kwenye mawimbi ya redio

UNAPOMTUMIA rafiki yako ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, unabonyeza alama ya maikrofoni, unaongea weee, kisha unaachilia. Imeisha hiyo. Hujiulizi sauti imepitia wapi. Kuna vijana wengine hata wamekwenda mbele zaidi: wameweka redio nzima ndani ya kipakatalishi. Kazi iliyokuwa ikifanywa na visanduku vilivyojaa nyaya sasa inafanywa na programu, na sauti inayoingia kwenye maikrofoni inageuzwa kuwa nambari kabla ya kurushwa hewani.

Sasa vuta picha ya enzi ambapo maikrofoni ya redio ilikuwa ikipata moto hadi inapozwa kwa maji. Si utani. Huko ndiko alikotoka Reginald Aubrey Fessenden, raia wa Canada mwenye mwili mkubwa, ndevu, na hasira za mkizi. Marconi unamjua, maana jina lake liko kwenye vitabu vya shule. Fessenden huenda hujawahi kumsikia, ilhali Marconi alituma nukta na vistari, na huyu ndiye aliyetuma maneno.

Alizaliwa Oktoba 6, 1866, East Bolton, Quebec. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana, na pesa nyumbani hazikuwa nyingi. Kijana alikuwa moto wa kuotea mbali katika hesabu. Akiwa bado tineja alipewa kazi ya kufundisha somo hilo katika Bishop's College, huku mwenyewe akiendelea kusoma. Alipofika umri wa miaka 18 hivi aliondoka bila shahada, akavuka bahari hadi kisiwa cha Bermuda na kuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo. Huko alikutana na Helen Trott, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Mshike vizuri Helen, tutarudi kwake.

Mwaka wa 1886 alifunga virago akaenda New York kusaka kazi kwa Thomas Edison. Inasimuliwa kwamba barua yake ya maombi ilikiri hajui lolote kuhusu umeme, ila anaweza kujifunza upesi, na kwamba Edison alimjibu kuwa watu wasiojua lolote tayari anao wa kutosha. Wewe ungefanyaje? Yeye hakurudi nyumbani. Alizidi kubisha hodi hadi akapewa kazi ya chini kabisa, ya kupima nyaya zilizokuwa zikifukiwa ardhini mjini humo. Haikuchukua muda akawa ndani ya maabara ya Edison kule New Jersey, akifanya kazi za kemia. Mwaka wa 1890 mambo ya pesa yalimwendea Edison kombo na Fessenden akapigwa kalamu pamoja na wenzake. Alifundisha uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Purdue, kisha Pittsburgh. Mwaka wa 1900 akaajiriwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, iliyotaka kusambaza utabiri wake bila kutegemea nyaya za simu.

Hapa ndipo kisa chenyewe kinaanzia. Wakati huo redio yote ilikuwa ya cheche. Unabonyeza kitufe, cheche inaruka kati ya vipande viwili vya chuma, na wimbi linatoka kwa kishindo kisha linafifia papo hapo, kama mlango uliobamizwa. Kwa kutuma nukta na vistari, mlango wa kubamizwa unatosha. Lakini jaribu kuimba kwa kubamiza mlango! Fessenden alishikilia kwamba wimbi linalofaa ni lile lisilokatika, lenye kwenda mfululizo kama mluzi mrefu, ndipo sauti ya mtu ipate kitu cha kupanda. Wataalamu wengi wa enzi hiyo waliamini cheche ndiyo roho ya redio, wakamwona ni mtu wa ndoto.

Kwa vile hakuwa na mashine ya kutoa wimbi la aina hiyo, alianza na alichokuwa nacho. Alitengeneza mtambo wa kutoa cheche haraka ajabu, kama 10,000 kwa sekunde, ili zikaribiane mpaka zionekane kama kitu kimoja. Mnamo Desemba 23, 1900, katika kisiwa cha Cobb, mtoni Potomac jimboni Maryland, alisimama mbele ya maikrofoni akamuuliza msaidizi wake Thiessen, aliyekuwa mlingoti wa pili umbali wa kilomita 1.6, kama huko aliko kunaanguka theluji, na amjibu kwa telegrafu. Thiessen akajibu. Sauti ilikuwa imejaa mkwaruzo wa cheche, lakini maneno yalieleweka. Swali la kawaida tu kuhusu hali ya hewa, na hayo ndiyo maneno yanayohesabiwa kuwa ya kwanza kubebwa na mawimbi ya redio.

Ungedhani wakubwa wake wangemwandalia karamu. Wapi! Kufikia 1902 alikuwa amekosana na mkuu wa idara, Willis Moore, akidai kwamba bosi huyo alitaka nusu ya haki za uvumbuzi wake. Akajiuzulu. Mwaka huohuo mabwanyenye wawili wa Pittsburgh, Hay Walker na Thomas Given, walitoa mtaji na kuanzisha naye kampuni ya NESCO.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo lake moja ambalo bado linafanya kazi katika redio zetu hadi leo. Sikio la binadamu haliwezi kusikia wimbi la redio. Linakwenda mbio mno. Fessenden aliwaza hivi: chukua wimbi la mizunguko 100,000 kwa sekunde linaloingia kwenye antena, lichanganye na jingine la 101,000 unalolitengeneza wewe mwenyewe, na tofauti yake, 1,000, itatoka kama mlio ambao sikio linausikia bila shida. Alipewa hataza ya wazo hilo mwaka wa 1902. Vifaa vya wakati huo havikuweza kulitumia ipasavyo, likakaa miaka likingojea vali. Leo programu ya redio kwenye kompyuta inafanya uchanganyaji huohuo kwa kuzidisha nambari kwa nambari, mamilioni ya mara kwa sekunde.

Turudi kwenye wimbi lisilokatika. Fessenden aliiomba kampuni ya General Electric imtengenezee jenereta ya umeme izungukayo kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana. Ya kwanza, iliyoundwa na Charles Steinmetz, ilifika mizunguko 10,000 pekee, ambayo haikutosha. Kazi ikapewa mhandisi kijana kutoka Sweden, Ernst Alexanderson, na mwaka wa 1906 mashine yake ikafikishwa kituoni Brant Rock, Massachusetts, chenye mlingoti wa mita 128. Hii ilitoa karibu mizunguko 50,000 kwa sekunde, laini, bila kishindo. Mluzi mrefu alioutafuta miaka yote.

Lakini sauti unaipandishaje? Hakukuwa na kifaa cha kuikuza kwanza. Basi Fessenden alichukua maikrofoni ya kaboni na kuiunga moja kwa moja kwenye njia ya umeme uendao kwenye antena. Ndani ya maikrofoni hiyo mna punje ndogo za kaboni. Ukiongea, hewa ya mdomo wako inazibana na kuziachia. Zikibanwa umeme unapita kwa wingi, zikiachiwa unapungua. Kwa hiyo wimbi zima la redio linanenepa na kukonda kwa kufuata kinywa chako. Ujanja mtupu, ila una gharama: umeme wote wa mtambo unapitia mahali unapoweka mdomo. Punje zikipata joto zinashikana, na sauti inaharibika. Ndiyo maana ya yale maji.

Linganisha na anayerusha sauti leo kwa redio ya kompyuta. Maikrofoni yake inatoa umeme kidogo mno, na kompyuta inaupima mara 48,000 kwa sekunde na kuandika nambari. Baada ya hapo ni hesabu tu. Kichujio kinatupa mivumo iliyo chini ya mizunguko 300 hivi na milio mikali iliyo juu ya 3,000, kwa sababu maneno yanaeleweka vizuri kati ya hapo, na ukiruhusu zaidi utawakanyaga majirani wako hewani. Kisha inakuja hatua ya kubana sauti. Tunapoongea, kuna silabi zinazolipuka na nyingine zinazonong'ona. Programu inaziinua zile dhaifu na kuzishika zile kali, ili nguvu ya mtambo isipotee bure. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Umewahi kumsikia MC wa harusi akipayuka ndani ya maikrofoni mpaka spika zinakoroma? Kubana sauti kupita kiasi kunaleta balaa hilohilo, na mbaya zaidi, mkoromo unamwagika hadi kwenye masafa ya watu wengine. Fessenden hakuwa na kichujio wala kibanio. Alikuwa na punje za kaboni na koo lake.

(Kusikiliza tu unaweza kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Kurusha sauti ni habari nyingine: hapa Kenya unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na jina lako la hewani litaanza na 5Z4.)

Mwaka huo wa 1906 ulimpa raha na karaha. Januari, kituo cha Brant Rock na kingine alichojenga Machrihanish, Scotland, vilijibizana kwa telegrafu kuvuka Atlantiki, kwenda na kurudi. Marconi alikuwa amevusha ishara mapema, 1901, lakini upande mmoja tu. Kisha Fessenden akasimulia kwamba mafundi wake wa Scotland walikuwa wamesikia kwa bahati sauti za watu wakiongea Brant Rock wakati wa majaribio. Maneno yamevuka bahari! Alipanga kujaribu rasmi. Desemba 5, dhoruba ikaangusha mlingoti wa Machrihanish, na haukujengwa tena.

Desemba 21 aliwaonyesha wageni waalikwa mtambo wake ukirusha sauti hadi mji wa Plymouth, umbali wa kilomita 18 hivi. Hilo lina ushahidi wa kutosha. Kile kisa maarufu zaidi, kwamba siku tatu baadaye, mkesha wa Krismasi, alipiga fidla na kusoma Biblia hewani huku mabaharia wakisikiliza kwa mshangao, kinatokana na barua aliyoiandika yeye mwenyewe mwaka wa 1932. Watafiti wamepekua kumbukumbu za meli na magazeti ya wakati huo bila kupata kitu. Mimi naona Desemba 21 inamtosha kabisa, hahitaji fidla.

Mafanikio hayo hayakuleta pesa. Walker na Given walitaka faida, naye alitaka usemi mkubwa zaidi katika biashara, na hakuwa mtu wa kushauriana kwa upole. Januari 1911 walimfukuza kutoka kampuni iliyosimama juu ya uvumbuzi wake. Alienda kortini akashinda, kampuni ikakata rufaa na kushinda, kisha ikawekwa chini ya mrasimu. Hataza zake zikauzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine mpaka zikafika kwa kampuni ya RCA mwaka wa 1921, wakati Wamarekani walipokuwa wakianza kununua redio za nyumbani kwa fujo. Hebu fikiria: kila mtaa unasikiliza sauti kutoka hewani, na mwenye wazo anahesabu tarehe za kesi. Zilikwenda zaidi ya miaka 15.

Hata hivyo hakukaa akinung'unika. Meli ya Titanic ilipozama 1912, alijiunga na kampuni moja ya Boston iliyoshughulikia milio ya chini ya maji, akaunda mtambo wa kupiga mlio mkubwa baharini na kusikiliza mwangwi. Aprili 1914, akiwa ndani ya meli ya serikali Miami karibu na Newfoundland, alifanikiwa kugundua mwamba wa barafu ulio umbali wa kilomita tatu hivi. Mwaka wa 1921 wahandisi wa redio wa Marekani walimtunuku nishani yao kuu.

RCA ilikubali kumaliza kesi Machi 31, 1928, kwa kumlipa kitita kikubwa. Alikuwa na miaka 61 na moyo wake ulikuwa umechoka. Yeye na Helen wakanunua nyumba Bermuda, na huko akafariki Julai 22, 1932. Helen alibaki na makaratasi yake, akakaa chini akaandika maisha ya mumewe, na kitabu chake kikachapishwa mwaka wa 1940.