Rudolf Diesel na mwendo wa pikapu kuukuu

Kabla jua halijapanda vilima vya Kigali, pikapu kuukuu za dizeli huwa zimeshaanza kunguruma Gitega, umurenge wa wilaya ya Nyarugenge ulio jirani na mitaa ya Waswahili ya Biryogo na Nyamirambo. Hii ni Gitega ya Kigali, si ile ya Burundi. Magari haya hubeba nguo, vitunguu, dagaa na vipuri kwenda na kurudi Gatuna, Rusumo na Rubavu, na malalamiko ya wenye nayo hayabadiliki: mlima linapanda, lakini likivuka Rusumo na kukuta barabara iliyonyooka upande wa Tanzania, linachoka likikaribia kilomita 80 kwa saa. Mabasi yanalipita, soko linalisubiri, na dereva anazidi kukanyaga mafuta bila faida.

Kwa nini injini yenye nguvu hivyo haina mbio? Jibu limo katika maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku kwenye vituo vya mafuta, na wachache hukumbuka kwamba alikuwa mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ilifukuzwa kwa sababu ya uraia wake ikakimbilia London. Rudolf, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Augsburg kwa ndugu wa familia, mwalimu wa hesabu. Mfanyabiashara wa mpakani atayaelewa maisha hayo: mtoto wa nchi tatu, asiye na kwao hasa.

Shuleni aliongoza. Huko Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu, na ndipo alipojifunza kwamba injini za mvuke za zama zile zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya joto la makaa ya mawe. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Homa ya matumbo ilimchelewesha mtihani, lakini Januari 1880 alimaliza kwa alama za juu kabisa, akaajiriwa na Linde mjini Paris. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu.

Hapa inafaa kutua kidogo. Diesel hakuwa akitafuta mbio. Alitafuta kazi nyingi kutoka kwa mafuta machache. Wazo lake, alilolipatia hataza mwaka 1893, lilikuwa kuibana hewa ndani ya silinda kwa nguvu nyingi mpaka ipate joto la kuwasha mafuta yenyewe, bila plagi wala cheche. Tarehe 10 Agosti mwaka huo, katika kiwanda cha Augsburg, injini ya majaribio ililipuka mara ya kwanza mafuta yalipoingia. Kifaa cha kupimia kikaruka vipande vipande, na Diesel akanusurika. Yeye alifurahi: mafuta yalikuwa yamewaka kwa hewa iliyobanwa tu.

Kila pikapu inayoamka kwa shida asubuhi ya baridi inarudia somo la siku ile. Ringi zikilika au vali zikikosa kufunga sawasawa, hewa haibanwi vya kutosha, na mbio huondoka pamoja na nguvu. Ndiyo maana fundi mwaminifu hupima kompresheni kabla ya kugusa kitu kingine. Tena Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi kikiongezwa juu ya upungufu huo, injini inakabwa koo. Moshi mweusi haumaanishi gari lina nguvu. Ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyachoma. Anayemwambia fundi afungue skrubu ya pampu ili mafuta yaongezeke, wakati hewa ni ile ile, ananunua moshi.

Miaka ya majaribio ilikuwa mirefu. Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa takriban dakika moja. Miaka mitatu baadaye, Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi: ilitumia asilimia 26.2 ya joto la mafuta, jambo ambalo hakuna injini ya mvuke iliyowahi kulifikia. Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 3, silinda moja, nguvu zisizofika farasi 20, na mizunguko 154 tu kwa dakika. Pikapu ya leo ikisimama bila kukanyagwa huzunguka mara nne au tano zaidi ya hapo.

Tabia ya mzazi haijamwacha mtoto. Dizeli kuukuu isiyo na tabo hutoa nguvu zake chini, na ikipita mizunguko 3,000 au zaidi kidogo huanza kupiga kelele tu, mpaka gavana ya pampu inapoizuia. Kwa hiyo mbio za barabara kuu hutafutwa kwenye gia. Chukua gari lenye gia nne, difu ya uwiano wa nne kwa moja, na tairi linalotembea mita 2 kila mzunguko: kwa mizunguko 3,000 ya injini litakwenda kilomita 90 kwa saa, basi. Ukiweka giaboksi ya gia tano, ambayo gia yake ya mwisho inapunguza mizunguko kwa asilimia 15, mwendo ule ule unahitaji mizunguko 2,550, na injini inapumua. Difu ndefu zaidi au tairi kubwa hufanya kazi hiyo hiyo, lakini kila kinachopatikana tambarare hulipwa mlimani, na Rwanda ni milima. Tairi kubwa pia huidanganya dashibodi: gari linakimbia kuliko sindano inavyosema, na breki ni zile zile za zamani.

Diesel mwenyewe aliponzwa na haraka. Aliuza haki za injini yake nchi nyingi kabla haijakomaa. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alilipa maki milioni moja. Injini za mwanzo ziliharibika mara kwa mara, wanunuzi wakalalamika, na mwaka 1898 mvumbuzi alilazwa kwa uchovu wa akili. Heshima ilikuja: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini fedha alizijengea jumba la fahari Munich, nyingine zikapotea katika biashara za ardhi na kesi za hataza. Hesabu za joto alizimudu. Hesabu za benki zilimshinda.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza kwa mkutano wa kampuni. Alikula chakula cha jioni, akaagiza aamshwe asubuhi, akaingia chumbani. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliopoa mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni na kuurudisha majini. Mwanawe Eugen akavitambua vitu vile. Wapo waliodai aliuawa, lakini madeni aliyoacha yanaelekeza kwingine. Martha alibaki na nyumba isiyo na akiba.

Injini yake ilikuwa bado nzito mno kwa gari dogo. Mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kilianza kutoa pampu ndogo ya kusukuma mafuta, baba wa pampu zinazofunguliwa leo kwenye mabenchi ya mafundi wa Kigali. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha 260 D, gari dogo la dizeli lenye silinda nne na ujazo wa lita 2.5, karibu sawa na lita 2.4 za Hilux nyingi kuukuu. Mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa takriban kilomita 95 kwa saa.