Folke Bernadotte, Mpatanishi Aliyeuawa

Si desturi yetu katika ukurasa huu kusifu jamaa za wafalme. Lakini Folke Bernadotte, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1895, mwana wa nduguye Mfalme Gustaf wa Tano wa Sweden, twamtaja kwa heshima, maana cheo chake alikitumia kuwaokoa waliofungwa pasipo kosa.

Mwanzoni mwa mwaka 1945, akiwa makamu wa rais wa Msalaba Mwekundu wa Sweden, alikwenda Ujerumani kuonana na Himmler, mkuu wa makambi ya mateso. Wako waliomlaumu kwa kuketi na muuaji yule. Sisi hatumlaumu: funguo zilikuwa mikononi mwa Himmler. Wala kazi haikuwa yake peke yake; Wanorway ndio waliotangulia kuitaka, na Wadenmaki walitoa magari. Mabasi meupe yenye msalaba mwekundu yaliwatoa wafungwa wapatao 15,000, wakiwamo maelfu ya wanawake wa kambi ya Ravensbrück.

Mwezi wa Mei 1948 Umoja wa Mataifa ulimtuma Palestina kupatanisha. Alisimamisha vita kwa majuma manne, akadai wakimbizi wa Kiarabu waruhusiwe kurudi makwao. Tarehe 17 Septemba watu wa kundi la Lehi walilizuia gari lake Jerusalem, wakamwua kwa risasi pamoja na Kanali André Sérot wa Ufaransa. Hakuna hata mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Ndipo Umoja wa Mataifa ulipoiuliza Mahakama ya Kimataifa kama waweza kudai fidia ya watumishi wake. Mwaka 1949 Mahakama ilijibu kuwa waweza. Mwaka 1950 Israel ikalipa.