Kushindwa si kutoweza

Kitenzi "kushindwa" kina maana mbili katika lugha yetu: kuzidiwa na mwingine, na kutoweza jambo. Kila nifundishapo maana za maneno, mimi humkumbuka Konstantin Beskov, Mrusi ambaye wakubwa wake walizichanganya maana hizo mbili.

Beskov alizaliwa Moscow mwaka 1920. Alikuwa mshambuliaji wa Dynamo Moscow ilipozuru Uingereza mwaka 1945, ikacheza mechi nne bila kushindwa hata moja. Arsenal ilikuwa miongoni mwa waliofungwa. Alipostaafu uchezaji, akawa kocha.

Mwaka 1963 alikabidhiwa timu ya taifa ya Muungano wa Kisovieti. Juni 1964 aliifikisha katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mjini Madrid. Wenyeji, Hispania, walishinda 2-1 kwa bao la dakika za mwisho, Jenerali Franco akitazama. Nafasi ya pili katika Ulaya nzima si haba. Lakini kwa viongozi wa Moscow, kufungwa na nchi ya Franco, adui mkubwa wa ukomunisti, kulikuwa fedheha isiyovumilika. Beskov akafutwa kazi.

Je, mtu huyo alikuwa hawezi? Miaka iliyofuata ilitoa jibu. Mwaka 1977 aliichukua Spartak Moscow, mahasimu wa Dynamo yake ya ujanani, ikiwa imeteremshwa daraja. Aliirejesha ligi kuu msimu huohuo. Mwaka 1979 ikatwaa ubingwa wa nchi, na mwaka 1987 ikautwaa tena. Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 74, aliiongoza Dynamo kunyakua Kombe la Urusi. Alifariki mwaka 2006.

Waliomfuta kazi hawakukosea kusoma matokeo; walikosea kuyafasiri. Nasi walimu tujihoji. Ni mara ngapi tumempokea mwanafunzi aliyepitwa na mwenzake kwa alama moja kana kwamba hajui lolote? Simtetei mzembe, wala sisemi ushindi hauna thamani. Nasema tu kwamba alama hueleza yaliyotokea siku ya mtihani. Yatakayowezekana kesho hayamo humo.

Nawe mwanafunzi, ukizidiwa leo, kubali kwamba umezidiwa. Usikubali kuambiwa kwamba huwezi.