Maisha ya Munganga John Howland

Sisi wote tumekwisha kuona mutoto mwenye kuhara, namna nguvu yake inaisha upesi. Sababu ni nini? Mutu mumoja aliyetafuta jibu ni John Howland, munganga wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1873.

Tangu 1912 aliongoza hospitali ya watoto ya universite ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Aliweka laboratwari pale pale karibu na vitanda. Wanganga vijana wakatunza wagonjwa, na tena wakapima damu yao wenyewe. Pamoja na Marriott alionyesha kama kuhara kukali kunazidisha asidi katika damu; ndiyo maana mutoto anahema kwa nguvu.

Howland alikufa mwaka 1926, na miaka 53 tu. Lakini kazi haikufa. Wanafunzi wake, Park, Blackfan na Gamble, wakawa walimu wa wengine. Gamble alichunguza sana maji na chumvi za mwili.

Basi sisi wanafunzi tushike hili: kuhurumia mugonjwa ni vizuri, lakini tuulize vilevile sababu ya ugonjwa wake.