Ed Wood: Mwongozaji aliyepata jina baada ya kufa

WAPO wasanii waliofariki dunia wakiwa na mali na sifa tele, kisha majina yao yakafutika. Mmarekani Edward Davis Wood, ambaye wapenzi wa sinema wanamfahamu zaidi kwa jina la Ed Wood, yalimkuta kinyume chake. Alikufa fukara, kifo chake kikapita karibu kimya, na jina lake likaanza kuvuma miaka miwili baadaye, tena kwa kuchekwa.

Wood alizaliwa Oktoba 10, 1924 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, akiwa mtoto wa mfanyakazi wa posta. Tangu utotoni alipenda mno sinema, na katika ujana wake alifanya kazi ya kuwaonyesha watazamaji viti katika ukumbi wa mjini kwao.

Mwaka 1942 alijiunga na kikosi cha wanamaji wa Marekani, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa imepamba moto. Vita vilipokwisha alielekea Hollywood, ambako alifika mwaka 1947 akiwa na ndoto kubwa na mifuko mitupu.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Glen or Glenda, ilitoka mwaka 1953. Ilimhusu mwanamume anayependa kuvaa mavazi ya kike, jambo ambalo lilimgusa Wood mwenyewe, na ndiye aliyecheza nafasi ya mhusika mkuu. Kwa Marekani ya wakati ule, huo ulikuwa ujasiri wa aina yake.

Urafiki na Lugosi

Katika filamu hiyo alimshirikisha Bela Lugosi, mwigizaji mzaliwa wa Hungary aliyetikisa dunia mwaka 1931 kwa nafasi ya Dracula. Miaka 20 baadaye, mzee huyo alikuwa amesahauliwa na kampuni kubwa, hana kazi, na alikuwa mtumwa wa mofini. Milango mingine ilipofungwa, Wood alimpa kazi.

Mwaka 1955 wawili hao walitoa Bride of the Monster, filamu ya kubuni ya kisayansi ambamo Lugosi ni mwanasayansi mwendawazimu anayetaka kuunda majitu kwa nguvu za atomiki. Fedha zilipokwisha, mwenye biashara ya nyama alijitolea kuikamilisha, na kijana wake akapewa nafasi ya shujaa.

Dubwana la filamu hiyo lilikuwa pweza wa mpira asiyeweza kujongea. Kwa kuwa hakuwa na mtambo wa kumwendesha, mwigizaji aliyekamatwa ilimbidi aishike mikono ya pweza na kuitikisa mwenyewe, huku akijifanya anapigania roho yake.

Mwaka huo huo Lugosi alijipeleka hospitali kutibiwa uraibu. Alifariki dunia Agosti 16, 1956 akiwa na umri wa miaka 73, akazikwa amevaa joho la Dracula.

Wood alibaki na vipande vichache vya picha za rafiki yake zisizo na sauti. Hakutaka vipotee. Akavitungia hadithi nzima ya viumbe kutoka anga za mbali wanaofufua wafu ili kuwatisha binadamu, filamu ambayo leo inafahamika kama Plan 9 from Outer Space.

Waliotoa fedha walikuwa waumini wa Kibaptisti. Hawakupenda jina la awali lililotaja wezi wa makaburi, hivyo likabadilishwa, na Wood pamoja na baadhi ya waigizaji wakakubali kubatizwa. Nafasi ya marehemu Lugosi ilijazwa na tabibu wa viungo wa mke wa Wood, mtu asiyefanana naye hata kidogo, ambaye alificha uso kwa joho.

Matokeo yake yanajulikana. Mawe ya makaburi yanayumba, visahani vya angani vinaning'inia kwenye nyuzi, na tukio linaloanza mchana linaendelea usiku kabla ya kurudi mchana tena. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, lakini haikumtoa Wood katika umaskini.

Kuanzia hapo maisha yake yaliporomoka. Aliandika riwaya za bei nafuu kwa makumi, akashiriki filamu za ngono ili apate kodi ya nyumba, na pombe ikamtawala. Desemba 1978 yeye na mkewe, Kathy, walifukuzwa katika nyumba waliyopanga. Siku chache baadaye, Desemba 10, alikufa kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwa rafiki yake, akiwa na miaka 54.

Kicheko chageuka upendo

Mwaka 1980 ndugu Harry na Michael Medved walichapisha kitabu cha kuzikejeli filamu mbovu. Plan 9 ilitajwa kwa kura za wasomaji kuwa mbaya kuliko zote, na Wood akatunukiwa cheo cha mwongozaji mbovu wa nyakati zote.

Kejeli hiyo ikawa tangazo. Watu walijaa katika maonyesho ya usiku wa manane ili wacheke, lakini wengi waliondoka wakimpenda. Filamu mbovu ni nyingi, na nyingi huchosha. Za Wood hazichoshi, kwa kuwa kila kosa limefanywa na mtu aliyeamini kwa dhati kwamba anatengeneza kazi kubwa.

Mwaka 1994 mwongozaji Tim Burton alitoa filamu kuhusu maisha yake, Johnny Depp akiwa Wood. Martin Landau, aliyecheza kama Lugosi, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Hivyo Hollywood, iliyomnyima Wood nafasi alipokuwa hai, ilitoa heshima yake ya juu kwa hadithi ya urafiki wake na mzee aliyesahauliwa. Wood mwenyewe hakuwepo kuiona.