Alifukuzwa Chuoni, Hakumwacha Bwana

Soma: Yohana 6:60–69, Zaburi 55:12–14, Wagalatia 6:1–5.

Mwamini afanye nini kanisa lililomlea linapomwumiza? Swali hilo lilimkabili William Nagenda wa Uganda mwaka 1941, akiwa kijana aliyekwisha kuacha kazi nzuri ili amtumikie Mungu.

Nagenda alizaliwa Buganda mwaka 1912, akalelewa katika Kanisa la Anglikana. Alisoma King's College Budo, kisha Makerere, akaajiriwa kuwa karani wa serikali Entebbe. Kanisa alilijua tangu utoto, lakini Kristo alimjua baadaye, kwa ushuhuda wa Simeoni Nsibambi. Nsibambi naye alikuwa ameacha kazi yake ya afya Kampala, akihuzunishwa na ubaridi wa kanisa. Mdogo wake, Blasio Kigozi, alihudumu Gahini, Rwanda. Kigozi alikwenda Uganda kuisihi sinodi iamke, akaugua na kufariki Januari 1936. Nagenda akauacha ukarani, akaenda Gahini kuendeleza kazi ya marehemu.

Mwaka 1940 aliingia chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, Mukono, akitumaini kuwa mchungaji. Huko yeye na wenzake wa uamsho walihuzunika kuona dhambi zikifumbiwa macho, na mafundisho ambayo kwao yalipunguza uzito wa msalaba. Waliamka kabla ya mapambazuko kuomba na kuhubiri. Uongozi wa chuo ukaizuia mikutano hiyo, nao wakakataa kuiacha. Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa, Nagenda akiwamo.

Haki inadai isemwe kwamba lawama haikuwa ya upande mmoja. Viongozi waliona utaratibu ukivunjwa. Wengi waliwaona watu wa uamsho kuwa wenye kiburi, wepesi wa kuhukumu wengine. Lakini jeraha lilikuwa la kweli. Mlango wa uchungaji ulifungwa, na Nagenda hakuwekewa mikono maisha yake yote. Walioondolewa naye walikuwa wengi wa kutosha kuanzisha kanisa lao wenyewe.

Hawakufanya hivyo. Nagenda alibaki mshiriki wa kawaida katika kanisa lilelile, akiendelea kushuhudia. Hakunyamaza kuhusu ubaridi aliouona, wala hakuondoka kwa hasira. Ni nini kilichomshikilia?

Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi ya kukutana katika vikundi vidogo, kila mmoja akiungama dhambi yake mwenyewe, si ya jirani. Katika mafundisho yao, uchungu dhidi ya kiongozi aliyekosea ulikuwa nao ni dhambi ya kupelekwa msalabani. Aliyeumizwa alihitaji rehema sawasawa na aliyemwumiza. Hivyo imani ya Nagenda haikutegemea usafi wa chuo, askofu, wala kikundi chake. Ilimtegemea Kristo.

Uamsho huo ulienea Rwanda, Kenya, na Tanganyika, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mwaka 1947 Nagenda alisafiri Ulaya pamoja na Yosiya Kinuka na daktari Joe Church. Huko Uingereza, mhubiri Roy Hession aliwaalika wasemee mkutano wake. Alitazamia waisaidie hadhira, kumbe yeye ndiye aliyeonekana kuhitaji toba. Kitabu alichoandika kutokana na mafunzo hayo kilitoka mwaka 1950 na kusomwa katika nchi nyingi. Mtu aliyenyimwa mimbari ya nyumbani akawa msaada kwa wahubiri wa mbali.

Miaka yake ya mwisho Nagenda aliugua kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1973, akiwa bado katika imani aliyoishika Entebbe.

Kanisa ni la Kristo, lakini limejaa watu wanaohitaji kuponywa. Anayemwekea kanisa tumaini lililo la Bwana peke yake atavunjika moyo, hata pale ambapo mafundisho ni sahihi.

Maswali ya Kujadili

1. Katika Yohana 6, wengi walirudi nyuma, lakini Petro alibaki. Alibaki kwa sababu gani? Je, alikuwa ameelewa kila jambo?

2. Familia ya Ellen Harmon iliondolewa katika Kanisa la Methodist mwaka 1843 kwa sababu ya tumaini la marejeo, ikaendelea na safari nje yake. Nagenda alibaki ndani. Dhamiri huongozwaje kujua lini kubaki na lini kutoka?

3. Kishapu kuna vijana wanaokwenda migodini Mwadui au Geita na kuacha kuabudu. Wengine hawakuikana imani. Waliumizwa na ugomvi wa fedha, maneno, au kutotembelewa wakiwa wagonjwa. Kikundi chenu kinamjua nani wa namna hiyo? Kabla ya kumwalika arudi, ni jambo gani mnalopaswa kuungama kwake?