Francis Bebey: Mwanajadi na Mashine ya Ngoma

Wapenzi wengi wa fasihi ya Kiafrika humkumbuka Francis Bebey kwa riwaya yake Le Fils d'Agatha Moudio, iliyochapishwa mwaka wa 1967 na kutuzwa Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika Nyeusi mwaka uliofuata. Wachache hujua kwamba msanii huyu alirekodi pia muziki nyumbani kwa mashine ya ngoma ya kielektroniki.

Bebey alizaliwa tarehe 15 Julai 1929 mjini Douala, Kamerun, akiwa mwana wa mchungaji. Alisomea Paris, akawa mtangazaji, na mwaka wa 1961 akajiunga na UNESCO jijini humo, alikoshughulikia muziki. Mwaka wa 1969 alitoa kitabu kilichofafanua muziki wa jadi wa Afrika na ala zake. Mnamo 1974 aliacha ajira hiyo ili aishi kwa sanaa yake.

Nyumbani kwake Paris alikuwa na kinasa sauti, vinanda vya umeme na kisanduku cha mdundo. Visanduku vya wakati huo havikuhifadhi sauti za ngoma halisi. Saketi zake zilizalisha mtetemo mfupi ulioiga mgoto wa ngoma, na mvumo ulioiga matoazi. Mtumiaji alibonyeza kitufe, nao mdundo ukajirudia bila kuchoka. Juu yake Bebey alipanga, moja baada ya nyingine, sauti yake, gitaa, sanza yenye vibao vya chuma vichezwavyo kwa vidole gumba, na filimbi ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Filimbi hiyo hutoa noti moja tu. Mpigaji huziba pengo kwa koo lake mwenyewe. Hivyo mtu mmoja akawa kundi zima.

Je, mtetezi wa jadi aliisaliti jadi? La hasha. Kwa kuwa mashine haiyumbi, pumzi na koo la mwanadamu husikika waziwazi zaidi. Kazi zake zadhihirisha kwamba jadi haimo katika mti na ngozi pekee, bali katika namna sauti zinavyoitana na kuitikiana. Sisi tuliolumbana kwa miaka mingi kuhusu arudhi za ushairi wa Kiswahili tuna la kujifunza hapo.

Bebey alifariki Paris tarehe 28 Mei 2001. Mwaka wa 2011 baadhi ya rekodi zake za kielektroniki za 1975 hadi 1982 zilikusanywa na kutolewa upya nchini Ufaransa, zikapata wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa alipozinasa.